Mwenyekiti Alitoka na Akabaki

Kikao kilikuwa cha saa nne asubuhi, kwa hiyo ilipofika saa tatu na nusu Karani alikuwa ameshapanga mezani bilauri kumi na mbili za maji, kalamu kumi na mbili, na makabrasha yenye ajenda ukurasa wa juu. Alipitisha kitambaa kikavu juu ya meza, kisha akatoka kwenda kukagua benchi. Benchi hilo lilikaa nje ya mlango wa ukumbi, limeegemea ukuta, na lilikuwa na kazi moja tu hapa duniani. Mjumbe wa bodi mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa alitakiwa kutamka, kusimama, kutoka na kuketi pale mpaka jambo liishe na kengele ipigwe. Katiba ya Nyumba ilisema hivyo katika kifungu cha kumi na tisa. Mwanasheria aliyeiandika alikuwa mmoja wa wajumbe, na alikipenda kifungu hicho kuliko baadhi ya watoto wake.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vitanda kumi na sita. Ilikuwa ya wagonjwa wa saratani waliotoka mbali kuja kupata mionzi katika hospitali kuu, siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo, na ambao hawakuwa na pa kufikia. Walilala hapo, walikula hapo, na asubuhi gari la Nyumba liliwapeleka hospitali na kuwarudisha. Mwenyekiti ndiye aliyeianzisha, baada ya mkewe kufia katika chumba cha kupanga nyuma ya hospitali hiyohiyo. Kiwanja alikitoa yeye. Siku ya ufunguzi alilia mbele ya wageni mpaka akashindwa kukata utepe, na hakuna aliyemcheka. Alikuwa mtu mwema, na anayetaka kuisikia habari hii itabidi avumilie kwamba alikuwa mtu mwema tangu mwanzo wake mpaka mwisho.

Gari lilikuwa la mdogo wake.

Ajenda ya nne siku hiyo ilikuwa mkataba wa usafiri. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu wajumbe, natamka kwamba mwenye gari ni mdogo wangu, tumbo moja, na mimi ndiye niliyemlea. Natoka." Akachukua gazeti lake, akatoka. Karani, ambaye pamoja na kuandika kumbukumbu alipaswa kuhakikisha kila aliyetoka ametoka, alifungua mlango akachungulia. Mwenyekiti alikuwa benchini, amekunja nne, anasoma habari za michezo. Karani akafunga mlango, akageuka, na kumwona Mwenyekiti ameketi mahali pake mwisho wa meza, mikono juu ya kabrasha.

Huyu wa ndani hakutofautiana na yule wa nje, isipokuwa hakuwa na gazeti na maji hakuyagusa. Mkurugenzi wa Nyumba alikohoa. Mwalimu Mstaafu, mama mwenye sauti ya kuita paredi, aliyekuwa ameshaanza kutandaza karatasi zake upande ule, alizivuta kwake kumpisha.

"Akidi imetimia?" Mwanasheria akauliza.

"Imetimia," Mkurugenzi akajibu.

"Imetimia mpaka imemwagika," akasema Mwalimu Mstaafu, na wawili watatu wakacheka.

Karani alinyoosha mkono. "Naomba mwongozo. Niandike ametoka, au niandike yupo?"

Mwanasheria alifikiri. "Huko nje umemwona?"

"Nimemwona. Yuko benchini."

"Na humu?"

"Ni huyu hapa."

"Basi andika yote mawili. Kumbukumbu ni kuandika kilichotokea, mama, si kubishana nacho."

Karani akaandika: Mwenyekiti alitoka. Mwenyekiti alibaki. Mkataba ukapita kwa kauli moja. Yule wa ndani hakusema neno. Aliwatazama tu mmoja baada ya mwingine wakinyoosha mikono, kwa upole kabisa, mithili ya baba anayehesabu watoto kabla ya safari. Kengele ilipopigwa, wa nje akaingia na kuketi, na kitini akawa mmoja. Namna walivyoungana haikuonekana, kwa sababu wakati huo ndipo biskuti zilikuwa zinazungushwa.

Mwaka wa pili ikawa vilevile, na wa tatu vilevile. Mwaka wa pili Karani aliweka bilauri ya kumi na tatu, kisha akakumbuka kwamba wa ndani hanywi, akairudisha kabatini. Wafadhili walipokuja kukagua walisoma kumbukumbu zote, wakakuta kila mwaka maslahi yametamkwa na mwenye maslahi ametoka. Waliisifu Nyumba kwa uwazi wake. Mstari uliofuata, ule wa kubaki, waliusoma pia, wakaweka alama ya tiki pembeni.

Mwaka wa nne mdogo wake Karani aliugua.

Alikuwa fundi cherehani katika mji wa mbali, na tangu utoto nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akishona, akila, akioga, na mama yao alikuwa akiapa kwamba anaongea hata akiwa amelala. Saratani yake ilikuwa ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imewahiwa. Daktari alilitamka hilo mara mbili, imewahiwa, akaandika mionzi thelathini bila kuruka, na akamwambia kwamba akiimaliza atarudi kwenye cherehani yake. Karani aliishi upande wa pili wa mji, mabasi mawili na mwendo wa mguu, na daktari hakutaka mgonjwa arukerukie mabasi. Kwa hiyo Karani alijaza fomu ya kuomba kitanda kama mtu mwingine yeyote. Chini yake aliongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba mwombaji ni mdogo wake. Hakuna aliyemtaka aandike hivyo. Zamu ilipofika Chiriku alipewa kitanda cha tisa, na ndani ya siku mbili wodi nzima ilikuwa inajua habari za wateja wake wote, hadi vipimo vya viuno vyao.

Wiki ya kwanza gari lilikwenda. Wiki ya pili lilianza kuchemsha. Jumatatu lilichemsha barabarani, Jumanne lilizimika getini, Jumatano halikuja kabisa. Wagonjwa walikaa barazani tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamevaa, wameshika kadi zao mkononi, wakisikiliza kila mngurumo unaopita barabarani. Hospitali ilimpangia kila mgonjwa saa yake, na saa yako ikipita mashine alipewa aliye mlangoni. Kwenye saa nne hivi mdogo wake Mwenyekiti alifika na dumu la maji na tabasamu, akafunua boneti, akasema ni kitu kidogo tu. Alikuwa mcheshi. Hata wagonjwa waliokuwa wanamngoja kwa hasira walijikuta wanacheka naye, Chiriku akiwa wa kwanza.

Karani alimkodia mdogo wake teksi mara nne, mpaka mshahara ukagoma. Sista, muuguzi wa Nyumba, aliandika daftarini kila siku iliyopotea na kila kitanda kilichoipoteza. Mwisho wa wiki ya sita, kitanda cha tisa kilikuwa kimekosa siku kumi na moja kati ya thelathini. Daktari alisema zitaongezwa mwishoni, lakini alisema huku akitazama karatasi. "Siku ulizoruka wewe," akamwambia Chiriku, "ugonjwa haukuruka."

Walibaki wagonjwa kumi na watano wengine, na zilibaki siku kumi na moja za kufidia. Gari likiwa zima, bado kulikuwa na la kuokoa. Na kikao cha bodi kilikuwa wiki ile.

Karani aliichapa taarifa ya Sista mwenyewe, herufi kubwa, na kando yake akaweka karatasi moja yenye tarehe kumi na moja tu, moja chini ya nyingine, bila maneno. Alijikaza. Ajenda ya nne ilipofika, Mwenyekiti alitamka, akatoka, akabaki. Karani alichungulia, akarudi, akashika kalamu. Hapo Mwanasheria akainua kidole.

"Kuna jambo dogo la utaratibu. Karani, nasikia una mgonjwa humu. Ni ndugu?"

"Ni mdogo wangu," akasema Karani. "Tumbo moja."

"Basi una maslahi."

"Mimi sipigi kura. Naandika tu."

"Anayeandika ndiye anayesema tulisema nini. Kifungu ni kifungu. Usilichukulie vibaya, mama, hata Mwenyekiti ametoka." Alisema hivyo akiwa amemwelekea Mwenyekiti, aliyeitikia kwa kichwa.

Mwalimu Mstaafu alijitolea kuandika. Karani alimsogezea daftari, akaweka ile karatasi ya tarehe juu yake, akamwomba aisome kwa sauti. Mwalimu akasema sawa. Karani akaenda mlangoni, na pale mlangoni akasimama kidogo. Alikuwa anampa nafasi mwenzake wa ndani atokee. Alikitazama kiti chake. Kilikuwa kitupu, kisha Mwalimu Mstaafu akaweka mkoba wake juu yake. Karani akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Mwenyekiti alisogea kumpisha benchini. "Karibu, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekosa siku kumi na moja, mzee."

Alikunja gazeti. "Ni gari?"

"Ni gari."

"Kumi na moja," akasema, na macho yake yakajaa maji, machozi ya kweli, si ya kuigiza. "Mke wangu alikosa sita."

Kupitia mlango walisikia sauti yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kwa yule wa ndani kufungua kinywa. Alikuwa anasema kwamba gari ni mashine, ndugu zangu, hata jipya huharibika, na kwamba kubadilisha mtoa huduma katikati ya mwaka ni kuwasumbua wagonjwa. Alisema kwa utulivu. Mwenyekiti wa benchini alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Mzee, yule ni wewe," Karani akasema.

"Ni mimi."

"Mwambie anyamaze."

"Nitamwambiaje, na mimi nimetoka? Nikiingia sasa nitakuwa nimevunja kifungu."

"Kivunje."

Mwenyekiti alilaza gazeti mapajani akalinyoosha kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. "Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka minne," akasema. "Nilimbeba mgongoni kwenda shule, nikamweka chini ya dawati langu. Ameanza mambo mangapi? Duka limekufa, kuku wamekufa. Hii gari ndiyo peke yake imesimama. Nikimnyang'anya, atakula nini? Ni mdogo wangu."

"Na wangu ni mdogo wangu."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona mimi sijabaki?" Sauti ilimpanda bila yeye kupenda. "Wewe una mtu ndani na mimi nina mtu ndani. Mbona mimi niko hapa tu? Unafanyaje?"

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Sifanyi kitu. Wewe umetoka kweli. Mimi huwa naaga tu."

Karani alifumba macho. Alijisukuma kwa nguvu zake zote arudi ndani, apite mlango ule, akae kwenye kiti chake chenye mkoba, afungue mdomo. Alizitaja tarehe kwa moyo, moja baada ya nyingine, ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Alipofumbua macho alikuwa benchini, magoti pamoja, mzima mzima. Ndani watu walikuwa wanacheka jambo fulani. Kengele ikapigwa, na Mwenyekiti akamfungulia mlango, akamtanguliza yeye aingie.

Mkataba ulikuwa umeongezwa mwaka mmoja, na mwenye gari alishauriwa aongeze umakini. Mwalimu Mstaafu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana. Ile karatasi ya tarehe Karani aliikuta chini ya sahani ya biskuti.

"Mara ukaanza mjadala mkali," Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini, "nikaona si wakati wake."

Mchana alishuka wodini. Chiriku alikuwa ameketi kitandani akimrekebishia jirani yake mkunjo wa gauni kwa sindano ya mkono. "Enhe, dada, wamesemaje?"

"Wamesema aongeze umakini."

Chiriku alicheka mpaka akashika tumbo lililokuwa linamuuma. "Umakini! Basi kesho alete huo umakini tupande, maana gari halina injini." Wodi nzima ikacheka. Akafuta macho. "Na wewe ukawaambiaje?"

"Nilitolewa nje."

"Nje wapi?"

"Benchini. Wamesema nina maslahi, kwa sababu wewe ni mdogo wangu."

"Dada. Wewe si ndiye uliyekuwa unanipigania shuleni mpaka unarudi sketi imechanika?"

"Nilitolewa nje, Chiriku."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

Chiriku aliitazama sindano. Akakata uzi kwa meno, akamrudishia jirani gauni lake, akalala akigeukia ukuta. Karani alikaa pembeni yake hadi muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, akingoja hata neno moja, hata tusi. Katika maisha yao yote hakuwahi kusikia kimya kutoka kwa mtoto yule, na kilimuuma kuliko chochote alichoambiwa baadaye na madaktari.

Katika zile siku za kufidia gari lilikwenda mara tano. Chiriku alirudi kwenye mji wake, akashona miezi minne, kisha maumivu yakarudi na safari hii hapakuwa na aliyesema imewahiwa. Alikufa siku ya Alhamisi, saa saba mchana, katika chumba cha kushonea, kwa sababu alitaka kulala pale. Karani alikuwa amemshika mguu. Alilia kiasi kwamba majirani walikuja kumshika yeye kwanza kabla ya kumfunika marehemu. Siku nyingi baada ya hapo aliamka akiwa anahesabu tarehe, na kila alipofika ya kumi na moja alianza tena.

Mwenyekiti alikuja mazikoni. Alisafiri saa sita, akapokea koleo, akatupa udongo, akalia mpaka ikabidi aketishwe kivulini. Wafanyakazi waliobaki Nyumbani walisema saa hiyohiyo alikuwa ofisini na mdogo wake, wakiandaa barua ya kuomba mkataba wa mwaka unaofuata. Karani aliwaamini wote. Yule aliyekuja alikuwa amekuja kweli, na machozi yake yalikuwa yamemlowesha kola, na Karani hakuweza kumchukia, ingawa alijaribu njia nzima ya kurudi mjini.

Alirudi kazini. Watu walimwuliza kwa nini, naye akasema kodi ya nyumba haijafiwa. Kitanda cha tisa kilipata mgonjwa mwingine, mama mmoja mkimya aliyekuwa na mwanawe wa kiume shuleni. Gari lilikuja siku nyingine na siku nyingine halikuja. Sista alimaliza daftari la kwanza, akafungua la pili.

Kikao cha mwaka kilipofika Karani alipanga bilauri kumi na mbili. Wajumbe walisimama dakika moja kumkumbuka mdogo wake, na Mwalimu Mstaafu alimkumbatia kwa nguvu. Kisha wakaketi, zikapita ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne Mwenyekiti alitamka kwamba mwenye gari ni mdogo wake. Akatoka na gazeti lake. Akabaki.

Karani hakungoja kuambiwa. Aliweka kalamu juu ya daftari, akalisogeza kwa Mwalimu Mstaafu, akainuka. Alikuwa ameshafika nusu ya njia kwenda mlangoni Mwanasheria alipomwita. Alimwita kwa sauti ya chini, ya mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Mama, rudi tu ukae. Mwaka huu huna maslahi tena."

Wajumbe walitazama makabrasha yao. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli, na Mwenyekiti wa ndani aliinuka kidogo akamvutia kiti. Karani alisimama pale katikati ya ukumbi, mikono ikining'inia. Alitafuta ndani yake kitu chochote cha kumtoa nje, akakosa. Akarudi akaketi.

Sista alisoma taarifa yake. Kitanda cha tisa, siku tisa. Kitanda cha pili, siku nane. Mwenyekiti wa ndani alieleza kwamba gari ni mashine. Mwanasheria akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na Karani, kama ilivyokuwa kazi yake, akasimama akaihesabu kwa sauti, mmoja, miwili, mitatu, mpaka ikatosha.

Halafu akainamia daftari akaandika. Mwenyekiti alitoka. Mwenyekiti alibaki. Mwanasheria alimsomea mstari wa tatu polepole, neno kwa neno, ili usije ukakosewa, naye akauandika kwa mwandiko wake wa siku zote: Karani hana maslahi, alibaki.

"Umeandika?" Mwanasheria akauliza.

"Nimeandika," akasema Karani, akafungua ukurasa wa ajenda ya tano.